Julius Nyerere na mchezo wa bao

Julius Kambarage Nyerere (Butiama, 13 Aprili 1922 – London, Uingereza, 14 Oktoba 1999) alikuwa mwalimu, mwandishi na mwanasiasa wa Tanzania. Alikuwa waziri mkuu wa kwanza na rais wa kwanza wa Tanganyika, kisha rais wa kwanza wa Tanzania hadi mwaka 1985. Watanzania humwita Baba wa Taifa, na wengi humtaja kwa jina la Mwalimu bila kuongeza lingine.

Makala hii inahusu maisha yake kwa kufuata jambo moja ambalo wasifu mwingi hulitaja kwa mstari mmoja tu, yaani mchezo wa bao, ambao nyumbani kwake uliitwa soro. Alijifunza mchezo huo akiwa mtoto mchunga mbuzi katika nchi ya Wazanaki. Kwa mujibu wa masimulizi ya familia na ya wazee wa Mara, ndio uliomfanya apelekwe shule, na alirudi kuucheza alipostaafu.

Mchezo wenyewe

Bao ni mchezo wa watu wawili unaochezwa kwenye ubao wenye safu za mashimo, au kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini. Jina bao limetokana na ubao wenyewe. Michezo ya namna hii ipo karibu kote barani Afrika, lakini ile yenye safu 4 hupatikana hasa mashariki na kusini mwa bara. Katika pwani na visiwani huchezwa bao la Kiswahili, nchini Uganda omweso, Rwanda na Burundi igisoro, na katika eneo la Ziwa Viktoria upande wa Tanzania mchezo wa jamii hiyo huitwa soro. Nchini Oman kuna hawalis, wenye safu 4 za mashimo 7.

Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, jumla mashimo 32, na kete 64. Kete za pwani kwa kawaida ni komwe, yaani mbegu za mkomwe. Kwingine hutumika mbegu nyingine au vijiwe. Kila mchezaji humiliki safu 2 zilizo upande wake na hupewa kete 32. Huchukua kete za shimo moja na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia mahali panapofaa, mchezaji hula kete za mwenzake zilizo mkabala na kuziingiza upande wake. Kete zilizoliwa haziondolewi mchezoni bali huendelea kutumika chini ya mwenye kuzila. Kwa sababu hiyo anayeonekana tajiri mwanzoni anaweza kufilisika kwa zamu moja.

Katika bao la Kiswahili mchezo una sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, inayoitwa namua, kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na kila zamu huingiza moja. Kete za mkononi zikiisha huanza mtaji, ambapo huchezwa zile zilizopo ubaoni tu. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele, au asiyeweza kucheza tena, ameshindwa. Kanuni za soro na za omweso ni tofauti katika mambo kadhaa, lakini msingi ni uleule wa kupanda, kula na kuhesabu mbele.

Bao halina bahati ndani yake. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa, na kila mchezaji anaona kete zote. Anayeshinda ni yule anayeweza kufuata kwa kichwa mzunguko mrefu wa kete kabla hajaugusa ubao. Ndiyo sababu bingwa wa bao huheshimiwa kama mtu mwenye akili, na mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) aliutungia mchezo huu shairi. Mwaka 1995 mtafiti Mholanzi Alex de Voogt alitoa tasnifu nzima kuhusu mabingwa wa bao wa Zanzibar na uwezo wao wa kukumbuka na kupanga.

Mchezo huu ni wa barazani. Wawili hucheza na wengine huwazunguka, wakitazama, wakitania na kusubiri zamu ya kumkabili mshindi. Mtoto anayekaribia baraza la namna hiyo kwa kawaida hutazama tu, maana kukaa ubaoni mbele ya wazee ni jambo la kustahili.

Familia na utoto Butiama

Nyerere alizaliwa Mwitongo, kitongoji cha Butiama, katika nchi ya Wazanaki, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito (1860–1942), alifanywa chifu wa Wazanaki mwaka 1915 wakati wa utawala wa Wajerumani na aliendelea chini ya Waingereza. Jina la Nyerere lilitokana na viwavi waliovamia mimea wakati wa kuzaliwa kwake. Chifu huyo alioa wake 22. Mama wa Julius, Mgaya wa Nyang'ombe, ambaye baadaye alibatizwa Christina, alikuwa mke wa tano.

Mtoto alipewa kwanza jina la Mugendi, maana yake mtembezi, halafu akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa ushauri wa mwaguzi. Jina la Julius alilipata baadaye kwa ubatizo.

Kuwa mwana wa chifu hakukumpa maisha tofauti na ya watoto wengine wa Kizanaki. Chifu Burito hakuwa mtawala wa ufalme mkubwa. Wazanaki walikuwa kabila dogo lililogawanyika katika sehemu kadhaa, kila moja na mkubwa wake. Kila mke alikuwa na nyumba yake na shamba lake. Kambarage alilala katika nyumba ya mama yake, alilima pamoja naye na kuchunga mbuzi. Chakula kilikuwa mtama, ulezi na muhogo. Lugha yake ilikuwa Kizanaki peke yake. Hadi kufikia umri wa miaka 12 hakujua Kiswahili.

Pale nyumbani kwa chifu ndipo watu wa mbali walipofika kwa mashauri, na pale ndipo wanaume walipocheza soro. Kambarage alijifunza mchezo huo akiwa bado mdogo na akawa hodari.

Chifu Makongoro wa Ikizu

Miongoni mwa wageni wa Chifu Burito alikuwa Mohamed Makongoro, chifu wa Ikizu. Nchi ya Waikizu ipo mashariki ya Butiama, katika eneo ambalo leo ni la Wilaya ya Bunda. Machifu hao wawili walikuwa majirani na marafiki.

Masimulizi yanasema kwamba Makongoro alivutiwa na jinsi kijana yule alivyocheza soro na watu waliomzidi umri kwa mbali. Wengine husimulia kuwa alimtazama tu, wengine kuwa alikaa naye ubaoni akashindwa. Namna zote mbili zinaishia mahali pamoja: Makongoro alimwambia rafiki yake kwamba mtoto mwenye akili ya namna ile asiachwe na mbuzi, apelekwe shule.

Ili kuelewa uzito wa ushauri huo ni lazima kukumbuka hali ya elimu katika Tanganyika ya miaka ya 1930. Shule zilikuwa chache mno, na nyingi zilikuwa za misheni. Serikali ya Waingereza, iliyotawala kwa kuwatumia machifu, ilitaka watoto wa machifu wapate elimu ili waje kuwa watawala wadogo na makarani. Shule ya Tabora ilianzishwa kwa kusudi hilo katika miaka ya 1920. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kidogo kwa mtoto wa Burito, lakini Burito alikuwa na watoto wengi, na si wote waliosoma. Mtoto wa mke wa tano hakuwa na haki yoyote ya kutangulizwa. Kilichohitajika ni mtu mzima mwenye heshima aone kipaji chake na kusema neno.

Simulizi hili halina maana kwamba mchezo peke yake ulimfanya Nyerere awe alivyokuwa. Linaonyesha jinsi akili ilivyopimwa katika jamii isiyokuwa na mitihani ya kuandika. Mzee aliyetaka kumjua kijana alimtazama akihesabu kete, akivumilia hasara ndogo ili apate faida kubwa mbele, na akinyamaza anaposhinda. Chifu wa Ikizu alikuwa mtahini wa kwanza wa Nyerere, na mtihani wenyewe ulikuwa ubao wa mashimo.

Shule ya Mwisenge, Musoma

Mwezi wa Februari 1934, akiwa na umri unaokaribia miaka 12, Kambarage aliandikishwa katika shule ya serikali ya Mwisenge, mjini Musoma. Kutoka Butiama hadi Musoma ni takriban kilomita 40, hivyo wanafunzi wa mbali walilala shuleni. Hapo alijifunza Kiswahili, lugha ambayo miaka 30 baadaye angeifanya lugha ya taifa zima, pamoja na kusoma, kuandika na hesabu.

Mmoja wa walimu wake alikuwa James Irenge, Mzanaki mwenzake, ambaye kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe aliwafundisha wanafunzi wachache, nje ya masomo ya kawaida, juu ya kutawaliwa na haja ya kujitawala. Wakati huohuo Kambarage alianza kuhudhuria mafundisho ya dini ya Kikatoliki kwa mapadre wa misheni ya Nyegina, karibu na Musoma.

Alimaliza kwa miaka mitatu masomo yaliyopangwa kuchukua miaka minne. Katika mtihani wa mwaka 1936 alifanya vizuri kuliko wote wa majimbo yaliyoshiriki, akachaguliwa kwenda Tabora.

Tabora, Makerere na Edinburgh

Nyerere alisoma Tabora kuanzia mwaka 1937. Shule hiyo ilifuata mtindo wa shule za bweni za Uingereza. Alijulikana kwa kusoma sana na kwa ustadi katika midahalo. Baba yake alifariki mwaka 1942, na uchifu ulishikwa na kaka yake wa mama mwingine, Edward Wanzagi. Tarehe 23 Desemba 1943 alibatizwa na kuchukua jina la Julius.

Mwaka huohuo wa 1943 aliingia Chuo cha Makerere, Kampala, ambako alipata stashahada ya ualimu mwaka 1945. Huko yeye na wenzake, akiwemo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Kisha alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, hadi mwaka 1949, masomo ya biolojia na Kiingereza.

Mwaka 1949 alikwenda Uskoti kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambako alisoma historia, uchumi, siasa, anthropolojia na falsafa ya maadili. Alihitimu shahada ya uzamili wa sanaa mwaka 1952, akiwa mmoja wa Watanganyika wa kwanza kabisa kupata shahada nje ya Afrika.

Kurudi nyumbani na siasa

Aliporudi mwishoni mwa mwaka 1952 alikwenda Butiama na kujenga nyumba kwa mikono yake. Januari 1953 alifunga ndoa mjini Musoma na Maria Waningu Gabriel Magige, mwalimu kutoka upande wa Tarime. Baadaye mwaka huo alianza kufundisha katika chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Aprili 1953 alichaguliwa rais wa TAA, chama kilichokuwa zaidi cha majadiliano kuliko cha siasa. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU, chenye lengo la wazi la uhuru. Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa huko New York. Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa, akaacha kazi. Kwa miezi kadhaa alikaa Butiama na Musoma bila mshahara. Alijipatia riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre mmishonari wa Maryknoll na kumsaidia katika tafsiri, kabla ya kurejea Dar es Salaam kuendesha chama.

Mwaka 1958, katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora, chama kilipaswa kuamua kama kitashiriki uchaguzi ambao sheria yake kiliipinga: kila mpigakura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wanachama wengi walitaka kususia. Nyerere alishauri kushiriki, kwa hoja kwamba kususia kungewapa wapinzani viti bila jasho. Ushauri wake ulikubaliwa, TANU ilishinda, na sheria ile haikudumu. Mchezaji wa bao ataitambua hesabu hiyo, ya kukubali zamu isiyopendeza ili kuushika ubao wote baadaye. Hata hivyo uamuzi ule uliwaudhi baadhi ya wanachama, ambao waliondoka na kuunda chama kingine.

Miaka ya uongozi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Nyerere akiwa waziri mkuu. Januari 1962 alijiuzulu ili akijenge chama vijijini, na tarehe 9 Desemba 1962 akawa rais wa Jamhuri ya Tanganyika. Januari 1964 aliponea chupuchupu uasi wa jeshi. Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika iliungana na Zanzibar.

Katika miaka hiyo aliendelea na kazi ya lugha. Alitafsiri tamthilia mbili za William Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Mtoto aliyeingia Mwisenge bila kujua Kiswahili alikuwa sasa mmoja wa waandishi wa lugha hiyo.

Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 liliweka nchi katika njia ya ujamaa na kujitegemea. Benki na viwanda vikubwa vilitaifishwa, na viongozi walikatazwa kumiliki nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Kuanzia mwaka 1973 wananchi wa vijijini, wakiwemo wa Mkoa wa Mara, walihamishwa kwa wingi kwenda katika vijiji vya pamoja. Mahali pengi uhamisho ulifanywa kwa nguvu, na uzalishaji wa mazao ulishuka. Siasa yake ilikosolewa pia kwa sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, iliyopitishwa mwaka 1962, na kwa mfumo wa chama kimoja uliowekwa kisheria mwaka 1965.

Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera. Tanzania ilijibu kwa vita vilivyomwondoa Amin mwezi Aprili 1979, lakini gharama yake iliuelemea uchumi uliokuwa tayari dhaifu.

Azimio la Musoma

Novemba 1974 halmashauri kuu ya TANU ilikutana Musoma, mji ambao Nyerere aliingia shule miaka 40 kabla. Mkutano huo ulitoa Azimio la Musoma, lililoamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1977 kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe na nafasi katika shule ya msingi. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Azimio hilo pia lilidai kwamba elimu iambatane na kazi, na kwamba wanaotaka kwenda chuo kikuu wafanye kazi kwanza.

Utekelezaji wake ulikuwa wa haraka. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, mengine kwa udongo na nyasi, na mahali ambapo hapakuwa na jengo watoto walisomea chini ya mti. Walimu wengi waliandaliwa kwa mafunzo ya muda mfupi yaliyotolewa vijijini huku wakifundisha. Idadi ya watoto shuleni ilipanda kwa kasi ambayo nchi chache za Afrika ziliifikia wakati huo. Hasara yake ilikuwa upungufu wa vitabu, madawati na walimu waliosomea vizuri, na malalamiko ya kushuka kwa ubora wa elimu yaliendelea kwa miaka mingi. Nafasi za sekondari ziliongezeka kidogo sana, hivyo watoto wengi walimaliza darasa la saba bila mahali pa kwenda.

Pamoja na kasoro hizo, azimio hilo lilibadilisha jambo la msingi. Mwaka 1934 mtoto wa Butiama alihitaji chifu wa jirani amwone akicheza soro ndipo apelekwe shule. Wenzake waliochunga mbuzi pamoja naye, ambao hakuna mgeni aliyewatazama, walibaki machungani. Baada ya mwaka 1977 kuandikishwa kwa mtoto hakukutegemea tena macho ya mkubwa fulani wala nafasi ya mama yake nyumbani.

Kustaafu na bao la Mwitongo

Nyerere aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, jambo lililokuwa nadra kwa viongozi wa Afrika wa kizazi chake, na Ali Hassan Mwinyi akachukua nafasi hiyo. Aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, kisha akatumia sehemu kubwa ya muda wake Butiama.

Huko alilima, alisali, alisoma na kuandika. Alitunga tenzi zilizoeleza Injili kwa mashairi ya Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996. Pia alicheza bao. Picha zake akiwa ameinamia ubao pamoja na wazee wa kijiji ni miongoni mwa picha zinazofahamika zaidi za uzee wake. Ubaoni rais mstaafu alikuwa mchezaji kama wengine: kete zake zililiwa kama za mtu yeyote, na watazamaji waliona wazi nani amekosea.

Kustaafu hakukuwa mapumziko kamili. Kuanzia mwaka 1996 alikuwa mpatanishi katika mgogoro wa Burundi, na mazungumzo yaliyofanyika Arusha yaliendelea chini yake hadi kifo chake, halafu chini ya Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Nchini alibaki mkosoaji wa rushwa na ukabila hata pale walioguswa walipokuwa wa chama chake mwenyewe. Mama yake, aliyekuwa bado Butiama, alifariki mwaka 1997.

Kifo

Nyerere aliugua kansa ya damu. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya Mtakatifu Thomas mjini London. Mwili wake ulirudishwa Dar es Salaam, ambako umati mkubwa ulijipanga barabarani kumuaga, na tarehe 23 Oktoba 1999 ulizikwa Mwitongo, Butiama, karibu na makaburi ya wazazi wake. Tarehe 14 Oktoba ni sikukuu ya kitaifa ya Siku ya Nyerere.

Kumbukumbu katika Mkoa wa Mara

Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yalifunguliwa Butiama Julai 1999, miezi michache kabla ya kifo chake. Yanahifadhi vitu vyake binafsi, zawadi alizopewa akiwa kiongozi na historia ya Wazanaki. Wageni hutembelea pia kaburi lake na nyumba za familia Mwitongo. Butiama, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Musoma Vijijini, ilifanywa wilaya kamili mwaka 2012.

Mjini Musoma shule ya msingi Mwisenge inaendelea kufundisha na hutunza kumbukumbu ya mwanafunzi wake. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mwaka 2005 mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu.

Upande wa Bunda kumbukumbu iliyopo zaidi ni ya mdomo. Waikizu huhesabu kuwa ni heshima yao kwamba chifu wao ndiye aliyemtambua Nyerere kabla ya mwalimu au padre yeyote, na habari za Makongoro na ubao wa soro husimuliwa pale kama sehemu ya historia ya nchi. Mchezo wenyewe ungali unachezwa katika mkoa huo, chini ya miti na mbele ya maduka, hasa jioni na siku za gulio.